Jina Ndani ya Kola

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, mama yake Paulina alilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda na kulifungua. Hakutoa kitu. Aliingiza mkono, akagusa kola ya koti lililokunjwa juu ya nguo nyingine, kisha akalifunga. Baada ya hapo alichukua mkoba wake na kuwahi gari la Mtumba, ambako alifanya usafi katika ofisi za wizara.

Paulina alibaki nyumbani akifagia uwanja na kuosha vyombo, halafu akavaa sare. Alisoma darasa la sita katika shule moja ya mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma. Zamani kazi hizo alizifanya pamoja na kaka yake, Obedi, ambaye hakuchoka kumtania.

"We Paulina, unafagia uwanja au unauchora?"

Sasa uwanja ulikuwa kimya. Obedi alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu. Mvua zilipokuwa zinaisha, maumivu yalimshika vibaya kuliko siku zote. Rafiki yake, Mrisho, alimpakia kwenye pikipiki akampeleka hospitali. Obedi hakurudi.

Obedi alikuwa fundi nguo, lakini hakuna aliyemwona akinunua kitambaa. Alizunguka kwa mafundi wa soko la Majengo akiomba vipande vya vitenge ambavyo wangevichoma jioni. Aliokota miavuli iliyovunjika na zipu za mabegi mabovu. Alichukua jinzi za mitumba zilizochanika magotini. Kutokana na vitu hivyo alishona makoti ya rangi kali, njano kando ya zambarau, kijani kando ya nyekundu, na vijana wa mtaa wakayapenda sana. Wazee waliwacheka.

"Nyie watoto mnatembea kama mabango ya uchaguzi!"

"Bango hutupwa uchaguzi ukiisha, babu," Obedi alijibu. "Koti hili limetoka jalalani, na halirudi huko."

Kila alipomaliza koti, alishona ndani ya kola kipande kidogo cheupe. Juu yake aliandika jina lake kwa uzi mwekundu, kwa mkono, bila cherehani. Herufi ya kwanza aliifanya kubwa kupita kiasi, na Paulina alikuwa akimcheka: "Hiyo O yako imeshiba ugali."

Koti la sandukuni lilikuwa la mwisho kushonwa na Obedi. Alisema ni la Mrisho. Ndugu walikubaliana kwamba nguo za marehemu zisiguswe hadi siku ya kumaliza msiba, ndipo zigawiwe, na Mrisho apewe koti lake.

Kabla siku hiyo haijafika, Mwalimu Devota aliwatangazia wanafunzi maonyesho ya mazingira. Kila mmoja alete kitu alichokitengeneza mwenyewe kutokana na taka.

"Mimi nitaleta pochi ya pakiti za maziwa," alisema Shamimu, aliyekaa dawati moja na Paulina. "Wewe je?"

Kabla Paulina hajajibu, sauti ilitoka nyuma. "Mwacheni huyo, kafiwa."

Maneno hayo yalisemwa kwa huruma, lakini yalimchoma. Tangu mazishi, shule nzima ilimjua hivyo: yule aliyefiwa. Walimpisha kwenye foleni ya maji na kunyamaza alipopita. Alitamani aitwe kitu kingine, hata kwa siku moja tu.

"Nina koti," alisema kwa nguvu. "Nimelishona mwenyewe."

Siku ya maonyesho, mama alipoondoka, Paulina alifungua sanduku. Alijiambia kwamba atalirudisha koti kabla mama hajarudi. Shuleni wenzake walimzunguka mara tu alipolivaa.

"Loo! Umelishona wewe kweli?"

"Ndiyo."

"Hata zipu?"

"Hata zipu."

"Basi nipe nijaribu, fundi," alisema Shamimu, akinyoosha mikono.

Paulina akaikumbuka kola. "Ngoja kwanza, naenda chooni."

Chooni alitoa wembe wake wa kuchongea penseli na kukata nyuzi moja baada ya nyingine. Kile kipande cheupe kikamwangukia kiganjani. Hakukitazama. Njiani alikitupa kwenye shimo la taka nyuma ya madarasa, ambako moto ulikuwa umekwisha kuwashwa, akarudi na kumpa Shamimu koti ili alijaribu.

Mwalimu Devota alifurahi mno. Alimpigia simu mama yake Paulina bila kumwambia mtoto, akamwomba aje aone. Mchana, wanafunzi walipokuwa wakipita mbele ya wageni, Paulina alimwona mama yake amesimama karibu na lango, bado amevaa sare ya kazini.

"Koti hili limebuniwa na kushonwa na Paulina!" Mwalimu alitangaza. Makofi yakapigwa. Kisha akamgeukia mgeni wake. "Hongera, Mama Paulina. Binti yako ana mkono."

"Ahsante, Mwalimu," mama alijibu polepole. "Lakini mimi naitwa Mama Obedi."

Alimsogelea Paulina, akamwekea mkono shingoni kama anayemrekebishia kola. Vidole vyake vilipapasa ndani, vikasimama, vikapapasa tena.

"Jina liko wapi?" alinong'ona.

Mama hakumgombeza mbele ya watu. Alimtazama tu, akaaga, akatoka langoni akitembea kama mtu aliyechoka sana.

Paulina alikimbilia shimoni. Moto ulikuwa umezimika. Alipiga magoti, akachimba majivu kwa mikono yote miwili. Alipata waya wa daftari na vifuniko vya chupa vilivyoyeyuka. Kipande cheupe hakukiona, wala uzi mwekundu.

Nyumbani alimkuta mama amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Mama aliyaona yale majivu yaliyomjaa hadi kwenye viwiko, akaelewa.

"Umekichoma?"

"Nilikitupa, mama. Nilisema koti nimeshona mimi. Niliogopa wakiliona jina."

"Makoti mengine kaka yako aliyauza, sijui yako wapi," mama alisema. "Hilo jina ndilo lililobaki hapa ndani kwa mkono wake. Kila asubuhi nililigusa ili niweze kwenda kazini."

Akalia. Paulina hakuwahi kumwona mama akilia hivyo, hata siku ya mazishi.

Jumatatu iliyofuata, Paulina aliomba kusema mbele ya shule, mstarini. "Lile koti sikulishona mimi. Alilishona kaka yangu, Obedi. Nilikata jina lake na kusema uongo. Naomba mnisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Waliporudi darasani, Shamimu alisogea mwisho wa dawati, akaacha nafasi kati yao. "Nilikuuliza hata zipu," alisema, "ukanitazama machoni." Siku kadhaa zilipita kabla Shamimu hajasogea tena karibu.

Tangu siku hiyo, kila alipotoka shule, Paulina alikwenda kwa Mrisho, ambaye naye alikuwa akishona kwa vipande kama Obedi.

"Shikamoo, kaka Mrisho. Nifundishe kushika sindano."

Mrisho alikuwa amekwisha kusikia yote. Alimtazama, akashusha pumzi. "Marahaba. Kaa hapo. Anza na kitambaa kibovu, maana utajichoma sana."

Alijichoma kweli. Siku ya kumaliza msiba ilipofika, alikuwa na kipande cheupe, na juu yake, kwa uzi mwekundu, jina: Obedi. Herufi zilipinda, na ile O aliifanya kubwa. Mama alimruhusu akishone ndani ya kola, mahali palepale penye matundu madogo ya sindano ya kaka yake. Kisha ndugu wakamkabidhi Mrisho koti.

Mrisho alilivaa. Aligeuza uso ukutani, mabega yakatikisika.

Wageni walipoondoka, Paulina alikaa karibu na mama yake. "Mama, sasa jina limerudi?"

"Hapana, mwanangu," mama alijibu. "Lile limekwenda. Hili ni la mkono wako, na nimelipokea. Lakini sikia. Watu walikupigia makofi kwa kazi ya mwenzako, na kumbe ulikuwa unamwondoa duniani mara ya pili. Mtu akifanya kazi nzuri, sema ni yake, awepo au asiwepo. Na wewe ukitaka kusifiwa, fanya yako, hata kama imepinda."

Nje, mzee mmoja wa jirani alimwona Mrisho akipita na rangi zile zote, akashindwa kujizuia. "We kijana, bango la uchaguzi! Nani kakushonea hilo?"

Ndani, Paulina na mama yake walisikiliza.

"Obedi, babu," Mrisho alijibu. "Kanishonea Obedi."