Picha Iliyokwenda Moroni

Severa anauza mashuka kwa jumla Kariakoo, Dar es Salaam. Kila siku hufungua marobota na kuyatoa mashuka kwenye nailoni zake. Ikifika jioni nailoni zimejaa chini, na mteja akiingia huziona kabla ya mashuka yenyewe.

Mtaani kwao kulikuwa na mazoea. Nailoni zilikusanywa pembeni, kisha mvua ikasubiriwa. Maji yakishajaa mtaroni, wenye maduka walitoka na mafagio, wakasukuma uchafu wote humo. Severa alikuwa hodari kuliko wote. Jirani yake Ghanim, muuza vyombo, alimtania kwamba ana mkataba na mvua.

Siku moja binti yake, Fortunata wa darasa la tano, alirudi kutoka shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Ilikuwa picha. Severa aliipokea kwa furaha, kisha furaha ikamtoka. Mvua inanyesha, na mwanamke mnene mwenye fagio anasukuma nailoni mtaroni. Juu ya mlango imeandikwa: MASHUKA KWA SEVERA.

"Huyu nani?"

"Wewe, mama. Mwalimu alisema tuchore maji yanavyopita kwetu. Picha zinaenda Moroni, Visiwa vya Komoro. Watoto wa huko nao watatutumia za kwao."

"Mimi niende Moroni na fagio? Chora nyingine. Chora mlima wetu wa Kilimanjaro, watu wapendezwe."

Machozi yalimlengalenga Fortunata. Severa aliyaona, akajifanya hakuyaona.

Kesho yake alikwenda shuleni na picha mkononi. Mwalimu Zulekha alimkaribisha kiti.

"Mwalimu, huu ni umbea. Mnataka tuchekwe ng'ambo?"

"Hapana, Mama Fortu. Hebu niambie, nailoni zikitoka dukani zinaenda wapi?"

"Zinaenda na maji."

"Na maji yanateremka bondeni, mtaa wa Jangwani. Zikiziba mtaro, maji yanakosa njia, yanaingia majumbani mwa watu. Zisipoziba, zinafika baharini. Bahari hiyo ni yetu na ya wenzetu wa Komoro. Takataka zetu zinaweza kufika kwao, na zao zikafika kwetu. Tukisafisha sisi peke yetu haitoshi, na wao peke yao haitoshi. Ndiyo maana watoto wanaonyeshana kwa picha."

Severa alimkumbuka mteja wake Evarista, anayeishi Jangwani. Mvua zilizopita maji yaliingia ndani kwake, magodoro yakaharibika. Severa alimpa pole siku ile, akampunguzia bei ya mashuka. Sasa aibu ilimshika kwelikweli.

"Nifanyeje basi? Nizichome?"

"Usizichome, moshi wake una sumu. Usingoje mvua pia. Ziweke kwenye kiroba chake zikiwa safi na kavu, usichanganye na mabaki ya chakula. Wanunuzi wa plastiki wanazitaka hivyo. Zikiingia tope, hawazichukui."

"Na picha?"

"Ni ya mwanao. Ongea naye."

Jioni Severa alimrudishia Fortunata picha.

"Ipeleke hivyohivyo."

"Na jina lako?"

"Na jina. Kwani si ndilo langu?"

Tangu siku hiyo viroba vilisimama nyuma ya duka. Mvua iliponyesha, Ghanim alitoka na fagio lake. Severa akamzuia.

"Leta hapa hizo nailoni, jirani. Zinamfikia Evarista nyumbani."

"Kumbe mkataba umevunjika?"

"Umevunjika."

Ghanim alicheka, lakini alizileta. Wenye maduka wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Masika yalipokolea, maji yalipita mtaroni bila kukwama.

Kisha picha za Moroni zikafika. Mwalimu Zulekha alileta moja dukani, akiwa na Fortunata. Mwanamke amesimama kwenye mawe, anamwaga ndoo ya taka baharini. Chini yake palikuwa na maneno, naye mwalimu akayatafsiri:

"Huyu ni mama yangu. Ameona picha yenu. Anauliza, mama wa Dar es Salaam siku hizi anaweka wapi taka zake?"

Severa aliitazama ile picha. Hakucheka hata kidogo. Alijifunga kanga vizuri, akaenda kusimama kando ya viroba.

"Fortu, lete rangi zako," alisema. "Unichore nikiwa hapa, mwenzangu aone."