Kiu ya Waridi la Jangwani

Siku mambo yalipoanza hapakuwa na dalili yoyote. Jua lilikuwa limeanza kuuma, mbwa wamelala uvunguni mwa nyumba, na Saengduean alikuwa kibarazani akichambua ukwaju. Kwetu huku Ratchaburi, kando ya mfereji, hakuna asiyemjua mjane huyu. Wengine wanamjua kwa pilipili yake ya kusaga, wengine kwa binti yake wa pekee, Karaked, ambaye sote tulimwita Ked. Ked alikuwa ameposwa na Thanong. Harusi ingefanyika mara tu baada ya Songkran, mwaka mpya wetu, watu wakishamaliza kumwagiana maji barabarani.

Mchana huo jirani yao Chamriang alivuka daraja la mbao. Tangu afiwe na binti yake Nim, mwaka uliopita, hakuwa amekanyaga kwa mtu. Alikuja amepakata chungu cha maua kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Zawadi ya bibi harusi," alisema. "Waridi la jangwani. Kwangu lilikataa kuchanua."

Saengduean alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa shukrani. "Dada Chamriang, keti basi nikupe maji ya kunywa."

"Sina kiu," alijibu Chamriang, akageuka akaenda zake bila kuaga.

Lilikuwa ua la ajabu kidogo. Shina lilivimba kama kiazi kikubwa, chini likagawanyika mara mbili, ukilitazama vizuri unaona mwanamke aliyeketi amekunja magoti. Ked alipoliona alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, hebu tazama makalio haya! Thanong akiliona atabadilisha mchumba."

"Ziba mdomo, mtoto huna haya wewe," Saengduean alimkemea, na yeye mwenyewe anacheka.

Alitaka lichanue kwa ajili ya harusi, liwekwe pale wageni wanapoingia. Alilimwagilia asubuhi na jioni, akalitilia majivu na maganda ya mayai, lakini liliota majani tu. Akaenda sokoni kumuuliza Mjomba Bunlue, muuza miche.

"Unalidekeza, mdogo wangu," Bunlue alimwambia. "Hilo ni kama mkwe mvivu. Ukimpa kila kitu, hakupi kitu. Linyime maji, liweke juani. Likijiona linakufa, ndipo litachanua."

Saengduean alirudi akaliweka uani kwenye jua kali, akaacha kulimwagilia. Majani yakanyauka, yakadondoka. Shina likasinyaa.

Wiki hiyohiyo Ked alianza kunywa maji.

Mwanzo walisema ni joto. Alimaliza chupa akafungua nyingine. Akaacha glasi, akawa anateka kwa kata mtungini na kunywa amesimama, maji yakimchuruzika kifuani. Lakini midomo yake ilipasuka, na ngozi ya mikono ikakunjamana kama ya bibi kizee. Alikuwa akifanya kazi saluni. Siku moja mwenye saluni alimkuta nyuma ameinamia beseni la kuoshea nywele, anakunywa maji yenye povu na nywele za wateja.

Hospitali walimpima damu, wakampima sukari, wakampima figo. Hawakuona kitu. Walimpa pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, wakamwambia apumzike.

Uani, waridi lilikuwa limetoa vitumba. Kila midomo ya Ked ilipozidi kupasuka, vitumba navyo vilizidi kunona.

Asubuhi moja Saengduean alishuka kukigeuza chungu upande wa pili, ua lipate jua sawasawa. Akafuta vumbi kwenye shina kwa kidole gumba. Chini ya goti la kushoto paliibuka alama. Ilikuwa ya duara, laini, inang'aa. Ked alikuwa na kovu kama hilo, mahali hapohapo, tangu alipounguzwa na bomba la pikipiki akiwa shuleni.

Saengduean alilijua shina lile. Alikuwa amelifuta mara nyingi. Alama haikuwapo.

Alikimbilia mtungini, akateka maji, akamimina kikombe kizima. Udongo ulifyonza. Ndani ya nyumba, Ked alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Mama," aliita. "Umefanya nini? Nimepata nafuu ghafla."

Saengduean alikiacha kikombe udongoni. Alivuka daraja bila kuvaa ndara.

Chamriang alikuwa jikoni. Hakushtuka kumwona. Walizungumza kwa minong'ono, kama watu walioketi karibu na mgonjwa.

"Nim alikufa na kiu?"

"Alikufa akilamba ukuta."

"Na ulijua. Ukamletea mwanangu."

"Nim yumo mle, Duean. Alikuwa analia mle mwaka mzima. Niliambiwa nikimkabidhi mama mwingine mwenye binti, naye akapokea kwa hiari, siku binti huyo anapoingia aliyemo hutoka akapumzika." Aliitazama mikono ya Saengduean. "Ulipokea kwa mikono miwili."

"Lichukue. Nakupigia magoti, dada. Lichukue."

"Siwezi kulipokea," alisema Chamriang, na machozi yakamlengalenga. "Sina binti tena."

"Na nikilitupa mtoni? Nikilichoma?"

"Mimi sikuthubutu. Thubutu wewe."

Hakuthubutu. Tangu siku hiyo maisha ya Saengduean yakawa ya kijiko. Asubuhi kijiko, jioni kijiko. Maji yakipungua, Ked anapasuka midomo. Maji yakizidi, na kila mpanda maua anajua hili, waridi la jangwani huoza kuanzia chini. Alimtazama mwanawe usoni, kisha akatazama udongo, kisha akatia tone. Hakumwambia Thanong. Angemwambiaje? Alikwenda hekaluni, mtawa mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamfunga Ked uzi mweupe mkononi. "Ninayoyajua ni ya kuwaombea watu," alisema. "La mti silijui."

Songkran ikafika. Barabarani magari yalipita na mapipa, vijana wakimwagia maji kila kitu chenye pumzi. Saengduean alilificha ua chumbani, juu ya kabati, akafunga dirisha. Ndugu walifika na bakuli za maji ya asumini kumwagia mikono na kumwombea baraka, kama ilivyo desturi. Akaketi, akanyoosha viganja. Maji yalikuwa ya baridi na yenye harufu nzuri, na kwa kitambo kidogo alisahau.

Kisha akaona kwamba Ked hayupo.

Alimkuta chumbani amechuchumaa mbele ya ndoo. Chungu kilikuwa ndani ya ndoo. Maji yalifika kwenye vitumba.

"Lilikuwa linalia, Mama," Ked alinong'ona. "Linalia kwa sauti ya Nim."

Walilitoa. Udongo ulikuwa umekuwa uji.

Kesho yake Ked hakuwa na kiu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Miguu yake ilivimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki, halirudi. Saengduean alilibonyeza shina. Shimo likabaki.

Alimwita Mjomba Bunlue. Mzee alilipapasa, akanusa vidole vyake.

"Limeoza, mdogo wangu. Hapa ni kisu. Unakata chini, unakata, mpaka ukutane na nyama nyeupe. Tena leo. Ukingoja, uozo unapanda juu."

"Nikikata litapona?"

"Mengine hupona. Mengine hayaponi." Alitoa kisu chake, akakinoa kwenye jiwe la ngazi. "Lete nikukatie."

"Usiliguse!"

Alilia kwa sauti iliyomfanya mzee wa watu arudi nyuma. Bunlue alikiacha kisu kwenye ngazi, akaondoka huku akigeuka nyuma mara kwa mara.

Saengduean aliketi na chungu mapajani. Asiyekata, uozo unapanda. Anayekata, anakata nini? Akashika kisu. Akakiweka chini ya goti, pale palipolainika, juu kidogo ya kovu. Hakukandamiza. Alikigusisha tu.

Chumbani, Ked akasema, "Mama, kuna kitu cha baridi mguuni kwangu."

Kisu kilianguka. Hakukiokota tena.

Uvimbe ulipanda mapajani, ukapanda tumboni, ukafika kifuani. Hospitali safari hii walisema ni figo, na kwamba wamechelewa kumleta. Ked alifariki asubuhi, dirisha liko wazi, mkono wake kwenye mkono wa mama yake. Waliporudi nyumbani na maiti walikuta waridi limechanua lote, rangi ya waridi iliyokolea, hakuna tawi lisilo na ua. Waombolezaji walisimama kulisifu. Wengine walidhani limenunuliwa kwa ajili ya msiba.

Siku ya kumchoma maiti, kama ilivyo desturi yetu, waridi lilianguka. Shina, matawi, maua, vyote viliyeyuka vikawa maji meusi chunguni, yananuka. Hakikubaki hata kijiti.

Chamriang alikuja mazishini. Uso wake ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyelala usingizi mzuri baada ya muda mrefu. Saengduean alimtazama, akaelewa kwamba Nim ametoka na Ked ameingia. Yeye hakuwa na ua la kumpelekea mtu. Hata angetaka, hata angekuwa na roho mbaya kiasi hicho, hakuwa na kitu cha kukabidhi. Aliyeingia mle hakuwa na mlango wa kutokea.

Alimwaga yale maji meusi uani, akavunja chungu.

Kisha mvua zikaja. Mwaka huo mfereji ulifurika, ukapanda hadi kwenye ngazi zetu. Uani kwa Saengduean tulipita tukiinua nguo. Lakini pale alipoyamwaga yale maji, mduara wenye upana wa sinia ulibaki mkavu, umepasuka nyufa. Maji yaliuzunguka pande zote, hayakuufunika. Tumeuona sisi sote. Hakuna aliyeweza kuueleza.

Mpaka leo Saengduean hushuka na mtungi kila asubuhi. Humimina polepole. Maji hayatuami, wala hayasambai. Huzama. Ukisimama karibu na kutega sikio, utasikia chini ya ardhi sauti ya koo linalomeza, linameza, halipumziki.

"Taratibu, mwanangu," humwambia, ameinama. "Taratibu, utapaliwa."

Ile sauti hukoma kidogo. Halafu huendelea.