Friji ya Mama Ainembabazi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima cha Kamukuzi wakati Appolinaire, fundi wa friji, alipofika kwa Molly, mke wa mwanajeshi, kwenye nyumba za kambi ya jeshi mjini Mbarara. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na begi lake la ufundi kwa kazi ndogo tu.

"Hii firiji iko na uchawi," Molly alimwambia. "Nazima, nawasha, barafu tu."

Akafungua. Ukungu wa baridi ukamtambalia miguuni. Nyanya zilikuwa mawe, lakini kioo cha mlangoni kiliandika nyuzi thelathini. Akaitoa sensa, kile kidude kidogo cha kupima joto, akaitumbukiza na waya wake kwenye kikombe cha barafu.

Thelathini palepale.

"Mama, sensa imekufa. Iko nadanganya mashine kama ndani ni moto, njo maana haisimamake. Ilianza lini?"

"Mwezi wa tatu. Kabla ya mutoto kufa."

Nyuma kabisa, kimegandia ukutani, aliona kichupa. Insulini.

"Ya Ainembabazi," Molly alisema. "Alikuwa na sukari. Nilimupiga sindano kila siku, akakufa tu." Akashusha sauti. "Ni ule jirani, Capitoline, Mukongo. Alimuloga. Tulimupiga, tukamufukuza."

Appolinaire alimjua Capitoline. Aliimba naye kwaya Nakivale. Sasa yuko Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi, kichwa kimeshonwa, na kanisani haingii tena.

Angeweza kunyamaza.

"Mama... hii dawa ikiganda, inakufa, hata ukiiyeyusha. Capitoline hakuloga mutu."

Molly alikitazama kichupa. Kisha akaketi sakafuni, polepole.

"Basi ni mimi," akanong'ona.

Fundi aligeukia begi lake. Alifunga sensa mpya, aliyokuwa ameijaribu kwenye barafu ikawa nzima. Akawasha. Ishirini... kumi... tano...

Namba ikasimama. Ikaanza kupanda.

Thelathini na saba.

Joto la mtu.

Labda waya umelegea, alijiambia. Akapeleka mkono nyuma ya rafu, kwenye baridi inayochoma.

Kitu kikamshika kidole.

Vidole vitano. Vidogo. Vya moto.

"Yesu wangu!" Akauchomoa mkono, akaanguka kinyumenyume.

"Nini?"

"Mukono... wa mutoto. Umenishika kidole."

Molly aliinuka kama aliyeitwa. "Ni yeye! Wakati ya sindano alikuwa nashika kidole yangu hivyo." Akampita fundi, akauingiza mkono wake hadi begani.

Wakangoja.

Appolinaire, mgongo ukutani, aliiona namba ikishuka. Thelathini. Kumi. Nne. Mashine ikazima yenyewe, kwa mara ya kwanza tangu afike, na nyumba nzima ikawa kimya.

"Aine..." Molly aliita ndani ya friji. "Aine, mama niko hapa. Shika."

Hakuna kilichomgusa.

Giza liliingia, hakuna aliyewasha taa. Mkono wa Molly ulikuwa umeanza kufa ganzi, lakini hakuutoa.

"Fundi," alisema bila kugeuka, "mbona mimi hanishiki?"