Daftari Langu la Shule Bora

Nilimhamisha mwanangu shule kwa sababu ya daftari. Ndiyo, daftari! Tena nililichora mwenyewe, kwa rula...

Nina miaka arobaini na mbili, naishi Mang'ola, Karatu. Elimu yangu ni Kidato cha Nne, na safari yangu ndefu ni jikoni hadi bombani. Lakini matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, nikajifanya ofisa elimu! Nikakaa na simu, nikapanga shule za serikali za wilaya yetu, ya kwanza hadi ya mwisho. Shule yetu ya kata, aliposoma binti yangu Magdalena, ilikuwa mkiani.

Magda alikuwa wa tatu darasani, mwenye furaha zake. Je, nilimuuliza? Thubutu! Alipoingia Kidato cha Tatu nikamhamishia ile ya kwanza, kule juu. Nikapita kwa jirani, ambaye binti yake Paskalina alibaki shule ya kata, nikamtania: "Mama Paskalina, wa kwako atamaliza aje kuchunga mbuzi!"

Alikuwa anachambua vitunguu vya kupakia kwenye lori. Akatupa kimoja kidogo pembeni, akaokota kingine.

Kule juu Magda akawa wa tatu... kutoka mwisho! Kabla ya kusajiliwa mtihani wa taifa, niliitwa. Mwalimu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba binti yangu ataishusha shule, nimwondoe "kwa hiari". Wazazi tulioitwa tulijaza benchi zima! Kumbe ukwanza ulitoka hapo... Daftari langu lilionyesha waliofaulu. Waliotolewa mlangoni sikuwachorea mstari.

Nikamkimbiza shule ya kata. Usajili ulikuwa umefungwa siku nne nyuma. Siku nne tu, jamani!

Paskalina alifanya mtihani, akachaguliwa Kidato cha Tano. Magda sasa ni kibarua wa vitunguu kwa mama yake Paskalina. Mimi haniiti tena mama. Ananiita "Ofisa Elimu".

Wazazi wenzangu, kabla hamjalinganisha shule, ulizeni walioanza Kidato cha Kwanza wameishia wapi. Na mtoto mwenyewe, muulizeni! Msije mkalia kama mimi...

Juzi nilimlilia Mama Paskalina kwamba ile shule imenionea. Hakuacha hata kuchambua. Akasema:

"Mama Magda, hata mimi nikitupa vidogo vyote kabla lori halijafika, gunia langu litakuwa la kwanza Mang'ola. Mtoto ulimpeleka mwenyewe akachambuliwe, sasa unalia nini?"