Mama Anamwita Kiberiti

Asubuhi ya siku ya mechi, duka la jezi lililotazamana na lango la uwanja lilifurika watu hadi barabarani, na kila mmoja alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Nyuma ya mashine ya kubandikia majina alisimama mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Alivaa ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono hadi viwikoni, kilemba cha manjano kichwani, na mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. Kwake yeye mpira ulikuwa ni herufi na namba tu. Shangazi yake, mwenye duka, ndiye aliyekuwa na wazimu wa mpira kwa niaba ya ukoo wote.

"Anayefuata! Na ukiniambia una haraka, nakurudisha mwisho wa foleni."

"Sina haraka," ilijibu sauti ya kiume. "Mechi ni saa kumi tu, na mimi ndiye ninayecheza."

Fundi aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mfupi, mkavu, raba nyeupe pee, na suruali ya mazoezi yenye nembo ya timu nyingine kabisa. Mkononi alishika jezi ya timu ya hapo mjini, mgongoni ina jina la mtu.

"Nibandulie huyu, unibandike mimi."

"Huyu kakukosea nini?"

"Kahama. Mimi nipo hapa kwa mkopo, na mchezaji wa mkopo hashonewi jezi mpya. Anarithi."

"Kama nguo za kaka."

"Afadhali za kaka, zingenitosha. Andika Kiberiti."

"Hilo nalo jina la mtu?"

"Ukinisugua vibaya, nawaka."

"Na ukisuguliwa vizuri?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Kijana akatazama raba zake, na Fundi akajikuta anabandika herufi zile taratibu kuliko kawaida yake, huku watu wakimzomea kwa kuwachelewesha.

Siku ile Kiberiti alifunga mabao mawili. Jumatatu alirudi dukani analalamika kwamba herufi R imebanduka. Fundi akaiangalia na kuona alama ya ukucha. Akaibandika tu. Jumatano ilibanduka T.

"Ukimaliza herufi zote," Fundi alimwambia, "ndipo utanieleza kinachokuleta hapa?"

"Zimebaki sita."

"Mimi sina subira ya herufi sita. Sema leo."

Akasema. Damu zao zilipatana upesi. Kwa miezi mitatu simu ya Fundi haikupoa. Timu ikisafiri, yeye alipigiwa kabla ya mechi, wakati wa mapumziko na hata kutoka bafuni.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umefunga?"

"Nimekosa penalti."

"Basi usile."

Kiberiti alimsimulia maisha yake yote: jinsi mama yake alivyofariki yeye akiwa darasa la sita, jinsi bibi alivyomlea, jinsi klabu kubwa ilivyomchukua akiwa na miaka kumi na tisa kisha ikaanza kumpeleka huku na kule. Fundi alisikiliza ya bibi kwa machozi, na ya klabu kwa sikio moja. Shangazi tu ndiye ambaye hakutulia.

"Mzuri, simkatai," alisema huku akikata kitambaa. "Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Uangalie."

Fundi alijibu kwamba yeye hakuwa anaazima nguo, alikuwa anapenda mtu.

Alhamisi moja mchana, Kiberiti alitoka nje kupokea simu, akasimama chini ya dirisha la duka. Mashine ilikuwa imezimwa ipoe. Kila neno liliingia ndani.

"Najua Mama ananiita... Ndiyo, narudi, sina la kufanya, mimi na Mama tuna mkataba. Huku nilikuja kwa muda tu, Mama mwenyewe anajua... Hapana, huyu wa huku sijamwambia. Nitamwambiaje? Ataumia."

Fundi alishika ukingo wa meza. Mama? Mama yake si marehemu? Basi ni mama gani tena anayemwita mwanamume arudi, kama si mama watoto wake? Na "huyu wa huku" ni nani, kama si yeye mwenyewe, aliyesimama pale na kilemba chake cha manjano kama punguani? Kiberiti aliporudi ndani anatabasamu tabasamu la kulazimisha, Fundi alimwambia kichwa kinamuuma, duka linafungwa.

Kwa siku mbili hakupokea simu. Ya kumi na saba aliipokea kwa hasira.

"Msalimie Mama," alisema.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Nisamehe, mpenzi. Nilitaka kukwambia mwenyewe. Nilisaini nikiwa mdogo, sikujua ninachofanya."

"Unampenda?"

"Mama? Nani asiyempenda? Nchi nzima inampenda!"

Fundi aliitazama simu kana kwamba imemtemea mate. Alikuwa amesikia habari za wanaume wasio na haya, lakini huyu wa kumsifu mkewe kwa nchi nzima alikuwa kiboko yao. Akakata, akaizima, akalia juu ya rundo la jezi mpaka shangazi akauliza ni namba tisa gani amefariki. Hakumwambia. Angemwambiaje, baada ya kujibu vile habari za nguo ya kuazima? Usiku hakulala, mchana alibandika namba sita kichwa chini.

Jumamosi iliyofuata timu ilikuwa na mechi kubwa. Shangazi alimburuta uwanjani amsaidie kubeba jezi za kuuza, naye Fundi akaenda ameuma meno, akiapa kwamba macho yake hayatatua kwa mtu. Yalitua. Lakini si uwanjani. Kiberiti alikuwa ameketi peke yake juu jukwaani, shati jeupe, mikono katikati ya magoti, wenzake wakikimbia bila yeye.

"Masikini," alisema shangazi. "Mabao tisa msimu huu, na leo kafungiwa. Si unaona Mama yake kaja?"

Fundi akanyoosha shingo. "Yuko wapi?"

"Si hao hapo, wekundu!"

"Wekundu wapi? Mwanamke gani?"

"Mwanamke?" Shangazi alimgeukia. "Klabu mama! Wenye mchezaji wao. Wamemkopesha kwetu, na sheria yao ni kwamba wa mkopo hachezi dhidi ya Mama. Wachezaji wote wa mkopo huita hivyo. Wewe unaishi mlangoni pa uwanja, hujui?"

"Kwa hiyo Mama ni... timu?"

"Ulidhani nani?"

Fundi alimwachia shangazi mfuko mzima wa jezi, akaanza kupanda ngazi. Nyuma yake alisikia shangazi akicheka kwa sauti inayofika mbali: alikuwa ameshaelewa yote.

"Nilidhani una mke," alimwambia Kiberiti, akihema, kabla hata ya kuketi.

"Mimi?"

"Mama anakuita. Una mkataba na Mama. Huyu wa huku ataumia."

"Wa huku ni kocha! Nilikuwa naongea na wakala wangu." Alishika kichwa. "Fundi wangu, na ulipouliza kama nampenda..."

"Ukasema nchi nzima inampenda."

Walicheka hadi watu wa safu ya mbele wakageuka. Kisha kicheko kikaisha, maana Fundi alikumbuka kwamba Mama, mke au timu, alikuwa bado anaita.

"Lini?"

"Kesho kutwa asubuhi niwe mazoezini kwao."

"Bila kukuuliza?"

"Waliniuliza siku ya kusaini. Nilisema ndiyo moja, wameitumia mara nne. Miji minne kwa miaka mitatu."

"Na kwingine kote uliacha nani?"

"Godoro. Kila mji godoro."

"Hiyo si haki."

"Sijui, Fundi. Kule nilikuwa naoza benchi. Wasingenileta huku, nisingefunga bao hata moja, wala nisingekujua. Haki ipo kidogo. Ila nilipokuwa sifai waliniondoa, na sasa nimefaa wananitaka, na wakiwa na kocha mpya wataniondoa tena. Mimi sijui nijenge wapi hata kibanda."

Chini, timu ya mjini ikafunga. Uwanja mzima ulinyanyuka. Kiberiti alinyanyuka nusu, akaketi tena, mikono chini ya mapaja: wakuu wa Mama walikuwa wanamtazama kutoka jukwaa la wageni, na haifai kushangilia anayemfunga mwajiri wako. Fundi aliona jinsi mguu wake ulivyotetemeka, akamhurumia kuliko alivyowahi kumhurumia mtu.

"Wanataka nisaini tena," alisema Kiberiti. "Miaka mitatu mingine. Wakala anataka jibu kabla mechi haijaisha. Nikikataa, nimebakiza miezi minane tu, na wanaweza kuniweka benchi yote minane kunikomoa. Hapo nitasahaulika. Niambie nifanye nini."

Fundi alijua anachotaka kusema. Alitaka kusema kataa, baki, mimi siwezi kuhamahama na mashine ya kubandikia mgongoni. Akaliminya neno hilo ulimini.

"Sikwambii. Hao wamekupangia ya kutosha."

Simu ililia wakati huohuo. Kiberiti aliitazama ikilia mara tano. Mara ya sita aliiweka sikioni.

"Hapana," alisema. "Narudi kumaliza miezi yangu, na nitafanya mazoezi kama mtu. Lakini sisaini... Ndiyo, nimefikiri... Waniweke tu hiyo benchi." Akakata. Uso wake ulikuwa umeloa jasho kama aliyecheza dakika tisini.

"Nimefanya ujinga?"

"Sijui," alisema Fundi kwa ukweli, akiwa anaogopa vilevile. "Nimefurahi, lakini sijui."

"Nikitoka huko labda sina timu, sina jina. Nikija hivyo, utakubali nikuoe?"

"Uliza vizuri."

"Fundi, nioe mimi."

"Mwanamke haoi, fala wewe. Lakini nimekubali."

Kiberiti alimkumbatia mbele ya watu elfu ishirini, wakiwamo wa Mama. Shangazi alionekana chini akipunga jezi isiyouzwa.

"Miezi minane," Kiberiti alimwambia sikioni. "Mkataba ukiisha, sitakuwa mali ya mtu yeyote."

"Utakuwa wa mtu."

"Wa nani?"

"Wangu," alisema Fundi. "Na mimi, mpenzi, sikopeshi."