Chukudu Iliyotolewa Bure

Kila asubuhi watu wa mtaa wa Ndosho walimsikia Twizeyimana kabla ya kumwona. Chukudu yake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, ilikuwa na kelele nyingi. Alishuka nayo kutoka Munigi ikiwa imejaa kabeji na viazi. Aliichonga mwenyewe, na hakumwazima mtu. Mke wake, Mukabalisa, alimtania kwamba ameoa wake wawili, na mmoja ni wa mbao.

Kisha ndugu yake mdogo akafariki huko Rutshuru, na Twizeyimana hakuweza kwenda kumzika kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa. Aliacha kula vizuri. Aliacha kutania. Usiku hakulala. Watu wa kanisa walimwambia, "Jikaze, papa. Kuna benye balipoteza bengi kukupita." Naye aliitika tu.

Jumamosi moja alimpa shemeji yake Léopold, kaka wa mkewe, ile chukudu. Bure kabisa. Familia ilifurahi. Mukabalisa naye alifurahi, maana mumewe alionekana mtulivu. Alidhani huzuni imeisha.

Jumatatu Léopold alikuja na jogoo kutoa shukrani.

"Dada, bwana yako ni mutu wa ajabu. Nilimuuliza: 'Na wewe utafanya kazi na nini?' Akanijibu: 'Mimi sitakuwa tena na lazima yake. Utaniangalilia batoto.'"

Mukabalisa aliacha kuchambua sombe, yale majani ya muhogo. "Alisema vile?"

"Vile vile."

Mukabalisa aliogopa sana. Alikumbuka namba ya simu ya bure. Muuguzi wa kituo cha afya aliwapa akina mama namba hiyo siku ya chanjo, akisema ni ya mtu aliyechoka na maisha, au jamaa yake. Alimwacha Léopold karibu na mlango amwangalie mumewe, akaenda nyuma ya nyumba, akapiga.

Aliyepokea aliitwa Olive. Kazi yake ni kusikiliza watu wanaofikiria kujiua na wale wanaowapenda. Hahubiri, hagombezi, wala hamharakishi mtu. Alimwacha Mukabalisa alie kwanza na kueleza yote, na kwamba kaka yake yuko mlangoni. Kisha akauliza:

"Mama, papa eko wapi sasa?"

"Eko ndani, amelala."

"Muzuri. Ulishamuuliza kama anawaza kujiua?"

"Yezu! Hapana. Nikitaja ile neno, si nitamutilia wazo mu kichwa?"

"Hapana, mama. Batu mingi banaogopa vile. Kuuliza hakuleti wazo. Kama liko, liko tayari, na analibeba peke yake. Umuulize na sauti ya kawaida. Akijibu, usimugombeze, usimuambie ni zambi. Usikilize."

"Na akisema ndiyo?"

"Musimuache peke yake. Kaka yako aondoshe mu nyumba kila kitu papa anaweza kujiumiza nacho. Unipigie tena, nitasema naye mwenyewe. Halafu mumupeleke kituo cha afya leo, si kesho."

Mukabalisa aliingia, akakaa kando ya kitanda.

"Papa Umuhire," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "uliipana bure chukudu yako. Unawaza kujiua?"

Twizeyimana aliinuka, akaketi kando yake.

"Ndiyo," alisema. "Nilichoka, mama. Hakuna mutu alishaniuliza."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mukabalisa alimshika mkono na hakumkatiza.

Baadaye Twizeyimana alizungumza na Olive mpaka chai yake ikapoa. Olive hakumwahidi kwamba uchungu utaisha upesi. Alimuuliza ndugu yake alikuwa mtu wa namna gani. Mwishowe wakapatana: leo ataenda kwa muuguzi pamoja na mkewe na Léopold, na wazo likirudi, atapiga simu kabla ya kufanya lolote.

Haikuwa dawa ya siku moja. Alirudi kituoni mara nyingi, na wiki mbaya zilikuwapo. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, naye aliacha kuficha. Familia ikakaa kilio cha ndugu yake hapohapo Ndosho, ingawa kaburi lilikuwa mbali.

Kwa desturi zawadi hairudishwi. Hata hivyo Léopold aliirudisha chukudu.

"Shemeji, nilipokea bila kukuuliza vizuri," alisema. "Ile ni kosa yangu."

Kelele zikarudi barabarani. Majirani walilalamika kidogo, kwa furaha.

Juzi, huko Munigi, Twizeyimana alikutana na Lévi, mwenzake wa chukudu, ambaye siku hizi alikuwa haongei na mtu. Lévi alimnyooshea gurudumu jipya.

"Kamata, mukubwa. Ni yako, bure. Mimi sina tena kazi nalo."

Zamani Twizeyimana angeshukuru na kwenda zake. Sasa alilaza chukudu kando ya njia, pamoja na kabeji zake zote, akakaa juu ya jiwe la volkano.

"Ikala hapa, mudogo yangu," alisema. "Juu ya nini unanipa? Unawaza kujiua?"

Lévi aliliangalia lile gurudumu. Kisha akaketi.