Ghala Lisilo na Sura ya Gavana

Saa saba mchana. Chumba cha nyuma cha duka la tortilla, zile chapati za mahindi. Mashine ya kuokea ilinguruma huko mbele, asisikie mtu.

"Jenereta mia mbili," alisema Evaristo, bosi wa genge. "Serikali ya jimbo imezinunua kwa akiba ya dharura. Kesho kimbunga kikifika na gavana akitangaza hali ya hatari, wanajeshi wanashika ghala. Leo kuna walinzi wawili, na wote nimewaweka mfukoni."

"Nani kakuambia?" aliuliza Nereida, mvunja makufuli.

"Mtu wa ofisi ya gavana. Wewe fungua kufuli, dada. Maswali waachie mahakimu."

Fidencio alikuwa dereva. Hakutaka pesa. Mama yake, Doña Tomasa, alipumua kwa mashine ya oksijeni, na kila kimbunga kikija, umeme wa mtaani kwao ndio wa kwanza kukatika.

"Moja yangu, bosi. Tulikubaliana."

"Moja yako. Msalimie mama."

Evaristo akawagawia vikwanguo na petroli ya kuyeyushia gundi. Katika jimbo lile hata mfuko wa maharage ya waathirika wa kimbunga hautoki ghalani bila kubandikwa stika yenye sura ya gavana, na mali yenye sura hiyo haiuziki. Ilibidi ibanduliwe palepale. Bosi mwenyewe hakuchukua kikwanguo. Fidencio aliona, akadhani ni maringo ya ukubwa.

Saa tisa na nusu. Upepo ulishaanza kung'oa mabati. Mlangoni hapakuwa na mlinzi hata mmoja, na kufuli liliachia mara moja.

"Hili kufuli la chooni," Nereida alinong'ona. "Sijapenda."

Evaristo alibaki nje kuangalia barabara.

Ndani, makasha yalipangwa hadi darini. Fidencio alizunguka la kwanza, kikwanguo mkononi. La pili. La tatu.

"Neri. Stika ziko wapi?"

"Hazipo?"

"Sura ya gavana. Haipo hata moja."

Nereida akapasua kasha. Matofali. La jirani yake, matofali.

"Hazikununuliwa," alisema. "Pesa za akiba watu wa gavana wameshazitafuna. Wanajeshi wakija kuhesabu, lazima awepo mwizi."

Lango likafungwa kwa nje. Fidencio alilipiga ngumi mpaka vidole vikachubuka. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

"Bosi, mama yangu. Bosi, tafadhali."

"Nisamehe, mwanangu," Evaristo alisema upande wa pili, kwa upole kabisa. "Ilikuwa nyinyi au mimi."

Saa kumi. Polisi waliingia na bunduki. Gavana hakusubiri kesho. Redio ya gari lao ilikuwa ikitangaza hali ya hatari, na kulaani majambazi walioiba jenereta za wanyonge.

Afisa alimlaza Fidencio kifudifudi kando ya Nereida, akamkanyaga mgongo. "Mmezipeleka wapi?"

"Hazikuwepo. Angalia makasha, afande."

Afisa hakuangalia. Vijana wake walishaanza kupakia matofali kwenye lori.

Juu, taa ya ghala ikacheza, ikazimika. Mji mzima ukazimika nayo. Fidencio akaacha kujitetea.

"Nitakiri. Zote mia mbili nimeiba mimi, andika unavyotaka. Ila mpelekeeni mama yangu moja. Moja tu, afande, sasa hivi."

Mguu wa afisa ulilegea kidogo mgongoni pake.

"Nitaitoa wapi?" alisema.